Wifi Yangu, Mama wa Ndege

Nilivumilia mpaka pale MC aliposema, "Mama wa ndege, hebu simama tukuone!" na aliyesimama akawa wifi yangu.

Alisimama taratibu, gauni la dhahabu, kucha za dhahabu, akageuka kulia, akageuka kushoto, akapunga mkono kama mgombea. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Akina mama wa upande wa bwana harusi wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa nyuma, upande wa jikoni, mabuti ya mvua yamejaa tope, kwa sababu mfereji wa bwawa ulikuwa umeziba na mtu wa kuuzibua ni mimi. Bwawa lenyewe nililichimba mimi. Nyasi, maua, miti, mafunjo, vyote alivyokuwa anavisifia MC kwenye kipaza sauti, nilivipanda mimi. Kichwa changu kina kipara kidogo utosini pale nilipobebea mafunjo kutoka bondeni.

Wallahi, kama yangeishia kwenye makofi, ningerudi kwenye mfereji wangu.

Lakini mlango mkubwa ukafunguliwa, akaingia binti yangu. Ana miaka mitatu. Walikuwa wamemvalisha gauni jeupe bila kuniambia, wamemsuka bila kuniambia. Ameshika utepe mweupe, na mwisho wa utepe amefungwa musambi mguuni. Vitabu vya shule vinamwita korongo taji: ndege mrefu, kijivu, shavu jeupe, na kichwani ana taji la manyoya ya dhahabu yaliyosimama kama amepata habari ya kushtua. Wakatembea wote wawili juu ya zulia jekundu, mtoto mbele, ndege nyuma, simu zote zikainuliwa.

MC akamwinamia mtoto na kipaza sauti. "Mrembo, huyu ndege ni wa nani?"

"Wa shangazi."

"Na bustani hii nzuri hivi ni ya nani?"

"Ya shangazi."

Watu wakacheka kwa furaha, wakapiga makofi tena. Mtoto niliyemnyonyesha huku nimekaa juu ya majani ya bustani hiyohiyo, jembe limelala pembeni yangu.

Sikukimbia. Nilitembea katikati ya zulia lao, tope linabaki nyuma yangu hatua kwa hatua, nikafika, nikatoa kisu changu cha kukatia vipando, nikakata utepe. Niliamini ndege ataruka, atoke dirishani, na mambo yaishe hapo kwa heshima. Ndege akafungua mabawa. Bawa moja lilikuwa zima. La pili lilikuwa limekatwa manyoya yake makubwa, limebaki kama ufagio uliochakaa. Hakuruka. Alikimbia. Akapita chini ya meza kuu, bi harusi akapanda juu ya kiti, keki ikaegemea upande na msimamizi wa bwana harusi akaidaka kwa mikono yote miwili, krimu hadi kwenye viwiko.

"Jamani," akasema MC, "tumepata mgeni ambaye kamati haikumpa kadi."

Kicheko. Wifi yangu akachukua kipaza sauti, akakishika vizuri kwa zile kucha. "Naomba mnisamehe wageni wangu. Huyu ni wifi yangu, mke wa kaka. Anasumbuliwa na wivu tangu zamani."

Ni kweli nina wivu. Hilo naliandika hapa mapema ili mtu asije kuniletea kama habari mpya.

Mimi na yeye tumelingana umri. Wote tulimaliza kidato cha nne, mimi Ngara, yeye Biharamulo, na matokeo yetu hayakupishana sana. Yeye alipelekwa Mwanza kusomea upambaji. Mimi niliolewa Nyabusozi nikapewa jembe. Akija nyumbani, mama mkwe anatafuta kuku wa kuchinja. Mume wangu anamwachia kiti chenye mgongo, mimi nakalia ndoo. Binti yangu akisikia pikipiki inapunguza mwendo barabarani anaacha chakula, anaacha mdoli, ananiacha mimi katikati ya sentensi, anakimbia: "Shangazi! Shangazi!" Mtoto huyo akianguka ananiita mimi. Akifurahi anamwita yeye. Hiyo inauma kuliko uchungu wa kumzaa, na anayebisha hajawahi kuwa na wifi mrembo.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho. Bustani.

Ukumbi ni wa mama mmoja mjane, mstaafu, aliyejenga kwenye shamba la marehemu mume wake, kandokando ya barabara ya kwenda Ngara. Aliponiajiri kufagia na kumwagilia, palikuwa na safu za mikaratusi mpaka juu ya chemchemi, majani ya zulia yaliyoletwa kwenye gari, na maua ya plastiki yaliyopauka. Kiangazi kikifika pote panakuwa rangi ya biskuti. Maharusi wanapiga picha wakiwa wamelipa kisogo eneo zima, ukuta ndio unaonekana.

Nimekulia Lukole. Pale nyumbani mama yangu ana tabia ya kunyoosha kidole kwenye kilima kisicho na kitu na kusema, "Hapa ulikuwa msitu, tulikuwa tunasikia nyani." Wakati wa kambi za wakimbizi watu walikata kuni, na wangepikia nini kingine? Hakuna aliyewalaumu. Lakini mimi nimekua nikionyeshwa vitu ambavyo havipo. Labda ndiyo maana nilipoiona ile chemchemi inalia tone moja moja kati ya mikaratusi, nilishindwa kupita.

Nikamwambia mama mwenye ukumbi, "Mama, hii mikaratusi inakunywa kuliko wageni wako."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaikata, akauza nguzo. Maji yakaanza kurudi, kidogo, halafu si kidogo. Nikachimba bwawa. Nikabeba mafunjo kutoka bondeni na mizizi yake na matope yake yakinitiririka shingoni. Nikapanda milinzi, ile miti yenye miiba na maua mekundu, yote ikafa, kwa sababu nilipanda kiangazi kwa ubishi wangu. Mvua za kwanza nikachomeka matawi mapya, yakashika. Nikayaacha majani yarefuke, yatoe mbegu, yaanguke yenyewe.

Mama mwenye ukumbi alikuwa anapita akifumba macho. "Mwanangu, wageni watasema nimefulia."

"Subiri mama."

"Nasubiri nini?"

"Sijui. Subiri tu."

Wifi yangu, aliyekuwa akija kupamba kila Jumamosi, alikuwa akisimama mbali ameinua pindo la gauni. "Wifi, wenzio wanafuga kuku, wewe unafuga nyoka."

Walianza vyura. Wakaja vipepeo. Maua ya milinzi yalipofunguka wakaja chozi, wale ndege wadogo wanaong'aa kama wamepakwa mafuta, wanagombana ua kwa ua. Minana wakafuma viota kwenye mafunjo, kelele kama soko. Na asubuhi moja ya ukungu, nikiwa na binti yangu mgongoni, nikakuta misambi wawili wanatembea ukingoni mwa bwawa langu, taratibu, wanainua mguu, wanafikiri, wanaukanyaga, kama wakaguzi waliotumwa na wizara. Kisha mmoja akainamisha kichwa, akaruka juu na mabawa wazi. Mwenzake akajibu. Wakacheza pale mbele yangu, hawana mgeni rasmi, hawana MC.

Sikumwambia mtu. Nilikaa chini kwenye umande. Ile ilikuwa harusi yangu, kwa sababu yangu ya kweli tulifungia ofisini kwa padri, watu sita, soda.

Wifi yangu aliwaona miezi baadaye alipokuja kupima geti la kupamba. Alitoa simu. Picha zikasambaa, na maharusi wakaanza kuja, wa Ngara mjini, wa Kahama, wote wanataka "kule kwenye ndege". Mama mwenye ukumbi akaacha kufumba macho. Nilidhani sasa zamu yangu imefika.

Tatizo ni kwamba ndege wangu walikuwa hawapendi harusi. Spika ikipiga mara ya kwanza, wanainuka, wanazunguka juu ya mafunjo, wanaelekea mabondeni. Bi harusi anashuka kwenye gari, anauliza, "Wako wapi?" Nitasema nini? Nikawa nasema, "Njoo alfajiri." Wananitazama kama mtu aliyewatukana.

Ndipo wifi alipokuja na wa kwake. Alisema amepewa na mzee mmoja wa Nyamahanga, amemfuga tangu kifaranga. Musambi wake hakuogopa spika. Alisimama alipowekwa. Kila Jumamosi saa kumi alikuwa tayari, na utepe. Wangu walikuja bila kuitwa na kuondoka bila kuaga, wake alihudhuria kazini kuliko mimi. Nilimchukia yule ndege. Nilimwona msaliti. Sikuwahi kumkaribia kumtazama vizuri, mpaka ile siku alipofungua bawa mbele ya meza kuu.

Kesho yake, baada ya misa, kikaitwa kikao cha ukoo kwa mama mkwe. Nilifika na kanga yangu nzuri kuliko zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa." Hakuniambia nikae wapi.

Wifi alikuwa tayari ameshakaa, binti yangu yuko mapajani mwake anacheza na bangili. Mume wangu alikuwa anatazama kidole gumba chake cha mguu.

"Mkamwana wangu," mama mkwe akaanza, "umetutia aibu mbele za watu. Kwa ajili ya ndege."

"Mama, yule ndege amekatwa bawa."

"Sasa?" Alishangaa kweli, hakuwa anaigiza. "Kwetu, tangu babu zetu hawajatoka Rwanda, boma lenye heshima lilikuwa na musambi uani. Anatembea na kuku, anakula wadudu, mgeni akiingia analia. Mimi mwenyewe nimelelewa naye. Ulidhani anakaaje asikatwe? Ni kama kumkata mtoto kucha."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akainua mikono juu, akaipinda, akaonyesha jinsi wanavyocheza harusini, ile ngoma ya mikono iliyofunguliwa kama mabawa. Chumba kizima kikatabasamu. Hapo nikaelewa kwamba hakuna hata mmoja mle ndani anayeona kosa. Kwao ile ilikuwa heshima. Ndege anapendwa, ndiyo maana anakatwa.

"Wifi," akasema wifi, sauti ya asali, "wewe hata hukujua thamani yao. Walikaa kwenye matope yako bure. Mimi nimewapa jina."

"Umewapa kamba."

"Usijali, hatakaa mpweke. Jumamosi ijayo watakuwa wawili. Kijana wa mitego ameshaanza kumfuatilia yule mwingine anayezungukazunguka pale bwawani. Bi harusi atatembea katikati yao, mmoja kulia, mmoja kushoto." Akambusu binti yangu kichwani. "Na huyu ndiye atakayewashika."

Tangu wa kwake afike nilikuwa namwona mmoja tu bwawani, nikadhani mwenzake amehama. Kumbe hakuna mzee wa Nyamahanga. Ndege aliyekuwa amefungwa utepe alikuwa mmoja wa wale wawili wangu, na mimi nilimchukia miezi yote hiyo.

"Mke wangu," mume wangu akasema hatimaye, bado kwa kile kidole, "omba radhi yaishe."

"Kwa nani?"

"Kwa dada."

"Sitaki."

Mama mkwe akasonya. Wifi akacheka kidogo, akasema kwa upole, ule upole unaotaka kukukata pumzi, "Mwacheni. Wivu ukimwisha atakuja mwenyewe."

Jumatatu nilikwenda ukumbini. Mama mwenye ukumbi alinipokea getini, hakunifungulia. Aliniita mwanangu, akaniuliza hali ya mtoto, kisha akasema nikae nyumbani kwanza mpaka watu wasahau ile keki. "Bustani, wifi yako ataiangalia." Aliniambia hivyohivyo, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nikazunguka nje ya ua mpaka upande wa bwawa. Niliwasikia kabla sijaona kitu. Mmoja alikuwa amesimama peke yake kwenye maji, anaita, ile sauti yao ya tarumbeta yenye mafua. Ananyamaza. Anainua kichwa. Na kutoka nyuma ya jiko, kwenye banda la kuku, mwingine anajibu. Huyu anaita, yule anajibu. Wana ukuta mmoja na banda moja katikati yao. Anayeweza kuruka haondoki, kwa sababu asiyeweza kuruka anamjibu. Kijana wa mitego hatapata taabu yoyote, nikafikiri. Atamkuta palepale.

Nilitaka kulia nikashindwa kwa hasira. Nikaenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji.

Mtendaji ni mtu mpole, anayependa mambo yaishie nyumbani. Alinipa benchi.

"Unamlalamikia nani, dada?"

"Wifi yangu."

"Kosa?"

"Anapigiwa makofi yangu."

Akaweka kalamu chini. "Hilo sheria haina."

"Na kumkata musambi bawa?"

Akakuna kidevu. Akafungua droo, akatoa kadi ya harusi ya Jumamosi, yenye maua na jina lake, akaiweka mezani kati yetu kama mtu anayeonyesha jeraha. "Nimealikwa. Mimi na mke wangu. Tena nimeambiwa kutakuwa na ndege wawili."

"Mzee, korongo taji ni nyara ya serikali au ni pambo la serikali?"

"Ni nyara," akasema polepole.

"Basi nipe karatasi."

Nikaandika palepale benchini, kalamu inatoboa upande wa pili. Niliandika yote: Mwanza, kucha, kiti chenye mgongo, kuku wa kuchinja, gauni jeupe walilomvalisha mwanangu. Nikampa. Alisoma midomo ikicheza. Mahali fulani alikohoa kuficha kicheko.

"Dada, humu umeandika wifi mara nyingi kuliko ndege. Nikiipeleka hii wilayani watasema ni wivu."

"Ni wivu."

"Sasa nitasaidiaje?"

"Wivu ni wangu, utakaa kwangu. Ndege si wangu, wala si wake, na yule mwingine atategwa kabla ya Jumamosi. Hata mimi ningekuwa mchawi, bawa lile limekatwa au halijakatwa?"

Kisha akairudisha kadi kwenye droo, akanipa karatasi ya pili, akaniambia niandike kama nilivyofundishwa shuleni. Alinisahihisha mahali pawili. Kuna sentensi moja alitaka niifute, ile ya ombi la tatu, akasema haihusiani. Nilimwambia bila hiyo sitii sahihi. Akashusha pumzi, akagonga mhuri, akaniambia nakala ya wilayani ataipeleka mwenyewe kesho asubuhi, na nikamwambia nitakuwa nimekaa hapa mlangoni kumsindikiza.

Niliyoiwasilisha ni hii.

Kwa Mtendaji wa Kijiji.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUTEGWA NA KUKATWA BAWA KWA KORONGO TAJI (MUSAMBI) KATIKA UKUMBI WA HARUSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa kijiji hiki, mama wa mtoto mmoja, na mpaka juzi nilikuwa mtunza bustani wa ukumbi tajwa. Ninalalamika kwamba mpambaji wa ukumbi huo, ambaye ni wifi yangu, anamshikilia korongo taji mmoja katika banda la kuku nyuma ya jiko, akiwa amekatwa bawa la kulia, na kwamba ametuma mtu kumtega mwenzake katika bwawa la ukumbi kabla ya Jumamosi ijayo ili watumike katika harusi. Ndege hawa ni wa porini na wanalindwa na sheria. Ninaomba mtego uondolewe leo, ndege aliyefungwa atolewe bandani na kuachiwa bwawani karibu na mwenzake, na alindwe hapo mpaka manyoya yake yatakapoota tena.

Pili, ninaomba mtoto wangu asitumike tena kuwashika ndege hao wala ndege wengine.

Tatu, ninaomba iandikwe katika kumbukumbu za ofisi yako kwamba chemchemi ile niliifufua mimi, bwawa nililichimba mimi, na bustani ile niliipanda mimi, na kwamba ndege wale walikuja wenyewe.

Wako mtiifu,

Mlalamikaji.

Nakala: Afisa Wanyamapori wa Wilaya.